Presha ya Oili Katika Injini Iliyosukwa Upya

Ndugu wasikilizaji, mtu akitamka neno presha, wengi wetu fikra zetu hukimbilia hospitali: kitambaa mkononi, daktari akibonyeza kipira, na mgonjwa akiombea namba iwe nzuri. Juma hili nataka tuzungumze juu ya presha nyingine, nayo ni presha ya oili ndani ya injini ya lori la zamani ambalo limefumuliwa na kusukwa upya. Nimeletewa maswali mengi kuhusu jambo hili, hasa na wale waliorithi malori ya wazee wao na hawataki kuyauza kwa bei ya chuma chakavu. Mimi mwenyewe ni mmoja wao, na somo hili nililipia.

Marehemu baba alituachia Bedford TJ, lile lori lenye pua ndefu na sauti nzito ambalo wenye umri wangu wanalikumbuka vizuri. Malori ya aina hiyo yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, katika kiwanda cha Dunstable, na kwa miaka mingi yalibeba mahindi, pamba, mbao na wanadamu katika nchi zetu hizi. La kwetu lina injini ya dizeli ya silinda sita, ile ya inchi za ujazo 330, yaani kama lita tano na nusu hivi. Injini hiyo ilipochoka, kaka yangu na mimi tuliuza ng'ombe wanne, tukaongeza akiba yetu, tukaipeleka kwenye gereji moja ambayo sitaitaja. Krenki ikachongwa, zikawekwa beringi mpya, pistoni mpya, ringi mpya. Tukakabidhiwa lori linalonguruma kama simba.

Kaka ndiye dereva. Siku ya tatu alishuka Ruaha Mbuyuni kupakia vitunguu. Wakati wa kurudi Iringa, katikati ya mlima Kitonga, injini ilianza kugonga. Kabla hajapata mahali pa kuegesha, ikakwama. Vitunguu vikaoza barabarani, na ng'ombe wanne wakawa wamekwenda hivyo.

Nami, badala ya kuuliza, nilihukumu. Nilimwambia kaka mbele ya watoto wake kwamba amelikimbiza lori kabla halijazoea. Alinijibu neno moja tu, "Mdogo wangu, sikulikimbiza," akaingia ndani. Miezi saba tulisalimiana kama watu waliokutana stendi. Nitarudi kwenye jambo hilo. Kwanza tuielewe presha yenyewe.

Chini ya injini kuna bakuli la oili, ambalo mafundi huliita sampu. Ndani yake kuna bomba lenye chujio la waya, na pampu inayoendeshwa na injini yenyewe. Pampu hufyonza oili, huisukuma kwenye filta, kisha kwenye njia kuu iliyotobolewa ndani ya bloku. Kutoka hapo oili hugawanyika kwenda kwenye beringi za krenki, beringi za kamshafti, na juu kabisa kwenye roka zinazofungua valvu. Ikishafanya kazi yake hudondoka yenyewe kurudi kwenye sampu, na safari huanza upya.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi hukosea. Pampu haitengenezi presha. Pampu inasukuma oili tu. Presha inatokana na oili kubanwa isipite kwa urahisi. Chukua mpira wa kumwagilia bustani: maji yakitoka wazi, yanamwagika miguuni pako. Ziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba, ukiacha upenyo mdogo, nayo maji yale yale yanaruka hadi kwa jirani. Katika injini, kidole gumba ni ile nafasi ndogo iliyopo kati ya krenki na beringi zake. Krenki yenye unene wa inchi mbili na nusu huachiwa nafasi ya karibu elfu mbili na nusu za inchi moja, yaani kama sehemu sita za mia za milimeta. Ni nafasi ndogo kuliko unene wa karatasi ya daftari la mtoto wa shule. Humo ndimo oili hukaa na kuibeba krenki isigusane na beringi kabisa.

Nafasi hiyo ikizidi, msidhani oili hupotea kidogo kidogo. Hesabu za mwendo wa vitu vya majimaji zinaonyesha kwamba nafasi ikiwa kubwa mara mbili, oili inayopita huongezeka kiasi cha mara nane. Ndiyo maana beringi moja iliyofungwa saizi isiyo yake yaweza kuangusha presha ya injini nzima. Na ndiyo maana fundi makini hupima kila beringi kabla ya kufunga, kwa kifaa au kwa ule uzi laini wa plastiki unaobanwa katikati na kusomwa upana wake. Mafundi wanaosema, "Nimeisikia kwa mkono, iko sawa," wana mikono mizuri, lakini mkono hausomi elfu za inchi.

Kuna jambo la pili, nalo ni joto. Oili ya kawaida ya dizeli, ile ya namba 15W-40, ikiwa kwenye nyuzi 100 za joto inakuwa nyepesi karibu mara saba kuliko ilivyokuwa kwenye nyuzi 40. Asubuhi ni kama asali, na mchana mlimani ni kama mafuta ya taa. Kwa hiyo presha ya injini baridi ni sawa na tabia ya mchumba wakati wa posa. Ukitaka kuijua kweli, ngoja ipate moto.

Baada ya maelezo hayo, tuje kwenye kupima.

Injini yetu ya pili tulimpa fundi mzee mmoja ambaye alikuwa amestaafu kwenye karakana ya malori. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kukataa kuiwasha. Alisema, "Mwanangu, injini iliyosukwa upya ni kavu kama koo la msafiri. Ukiipiga stata ikawaka bila oili kufika juu, umeila kabla hujaila." Alikuwa amepaka oili kwenye kila beringi wakati wa kufunga, na ndani ya gia za pampu alijaza vaselini ili pampu ipate kushika na kufyonza mara moja. Grisi nzito aliikataa, kwa sababu haiyeyuki upesi na yaweza kuziba njia. Filta nayo aliijaza oili safi kabla ya kuifunga.

Kisha akaifungua swichi ya oili iliyo ubavuni mwa bloku, na mahali pake akafunga geji ya mkono, yenye mshale na bomba lake. Nilimwuliza kwa nini asitumie geji ya kwenye dashibodi. Akanijibu kwamba geji ya lori la umri ule hupata habari zake kwa waya, na waya ukiwa na kutu husema uongo. Taa nyekundu nayo ni mbaya zaidi, kwani nyingi huwaka presha ikiwa imeshuka hadi kati ya paundi 5 na 10. Lori lililobeba mzigo mlimani, taa hiyo ikiwaka, inakuwa inatangaza msiba ambao tayari umetokea.

Akaniusia mambo mawili kuhusu kufunga geji hiyo. Kwanza, uzi wa geji ulingane na uzi wa tundu. Msilazimishe, kwani bloku ikipasuka hapo hakuna dawa rahisi. Tena utepe wa kuzuia kuvuja usizungushwe hadi ncha ya uzi, maana kipande kikikatika kitasafiri na oili na kuziba tundu la beringi. Pili, bomba la geji lisiguse ekzosi, na kichwa cha mtu kisikae juu yake. Oili ya moto yenye presha ikiruka inaunguza vibaya.

Hapo akazuia dizeli isifike, akafungua nozeli zote sita ili injini izunguke bila kubana, akaniambia nipige stata. Sekunde kumi, nipumzike. Sekunde kumi, nipumzike, stata isiungue. Mara ya kwanza mshale haukutikisika. Mara ya pili haukutikisika. Mara ya tatu ukanyanyuka polepole hadi paundi 15. Akafungua kava la tapeti, tukaendelea kuzungusha mpaka tukaiona oili ikichuruzika kwenye roka zote, hata ile ya mwisho kabisa. Hapo akasema, "Sasa imekunywa."

Wasikilizaji, msiruke hatua hii ya kutazama roka. Geji husoma presha pale ilipofungwa tu. Ikiwa kuna njia iliyoziba mbele yake, kwa mfano beringi ya kamshafti imefungwa kichwa chini na tundu lake halikutani na tundu la bloku, geji itaonyesha presha nzuri, tena pengine ya juu kuliko kawaida, huku sehemu nyingine inakufa kwa kiu. Namba na macho lazima vishuhudie pamoja.

Nozeli zikarudishwa, dizeli ikaruhusiwa, injini ikawaka. Mshale ulipanda mara moja hadi paundi 60, ukasimama hapo hata nilipokanyaga mafuta zaidi. Nikaogopa. Fundi akanieleza kwamba ndani ya mfumo kuna valvu ya kutolea presha, yenye springi. Oili baridi ikibanwa kupita kiasi, valvu hufunguka na kurudisha ziada kwenye sampu. Mshale unaosimama mahali pamoja injini ikiwa baridi unaonyesha valvu inafanya kazi. Kama ungeendelea kupanda bila kikomo, ndipo angezima, kwa sababu oili nyingi mno yaweza kupasua filta au kung'oa gasketi yake.

Hakuiacha ikae kwenye sailensa dakika hizo za mwanzo. Aliiweka mwendo wa kati, kwa sababu kamshafti na tapeti mpya hupata sehemu kubwa ya oili yake kutokana na ile inayorushwa na krenki, na krenki ikizunguka polepole hairushi ya kutosha. Muda wote huo macho yake yalikuwa kwenye geji na masikio yake kwenye bloku.

Tulingoja injini ipate moto sawasawa. Hapa pia kuna mtego. Geji ya maji hufika kwenye alama yake mapema, lakini oili huchelewa. Maji yakiwa tayari, oili bado iko njiani. Sisi tulilizungusha lori mjini nusu saa nzima ndipo tukasoma. Kwenye sailensa, paundi 22. Mzunguko wa 2,000 kwa dakika, paundi 46. Siku iliyofuata tukalipakia tofali, tukapanda mlima mara moja, tukasoma tena papo hapo: 20 na 44. Fundi akaziandika namba zote kwa chokaa nyuma ya mlango, kisha nami nikazinakili katika daftari.

Mafundi wengi wana kanuni ya kienyeji: paundi 10 kwa kila mizunguko elfu moja, injini ikiwa moto. Ni kanuni nzuri ya kukusaidia ukiwa porini, lakini hakimu ni kitabu cha injini yako. Kila mtengenezaji aliweka namba zake, na namba hizo ndizo za kufuata. Tena angalieni geji imeandikwa kwa kipimo gani. Nyingine husoma kwa paundi, nyingine kwa bar. Bar moja ni paundi 14 na nusu. Nimewahi kumwona kijana akilia kwamba injini yake ina presha ya 3 tu, kumbe ni bar 3, yaani paundi 43 na ushei, na injini yake ni nzima kabisa.

Sasa, geji ikikupa habari mbaya, usikimbilie kushusha injini. Anza na yaliyo rahisi. Pima kina cha oili kwa kijiti chake. Inuse. Kama kina kimepanda badala ya kushuka na inanuka dizeli, basi dizeli inavujia ndani, ama kutoka kwenye pampu ya kuvutia mafuta, ama kwenye vijibomba vya nozeli, nayo imeifanya oili kuwa nyepesi kama maji. Kisha hakikisha kwa geji ya pili kwamba ya kwanza haikudanganyi. Kisha fungua valvu ya kutolea presha. Punje moja ya mchanga au kipande cha gasketi kilichosahaulika chaweza kuizuia isifunge. Baada ya hapo ndipo ushushe sampu na kutazama bomba la kufyonzea, kwani likiwa na ufa au likiwa halikukazwa, pampu hufyonza hewa, na mshale huchezacheza badala ya kutulia. Pampu yenyewe na beringi huja mwisho.

Na iwapo presha ni nzuri injini ikiwa baridi, halafu inaporomoka ikipata moto, jueni kuna mahali oili inapita kwa wingi kuliko inavyotakiwa. Aidha nafasi za beringi ni kubwa, au kuna tundu lililoachwa wazi.

Tundu lililoachwa wazi. Hapo ndipo ninarudi kwa kaka yangu.

Fundi mzee alipoifumua injini ile iliyokufa, alituita sote wawili. Sidhani alijua tumegombana. Alikuwa ametoa kava la gia za mbele, na akaniambia niingize kidole. Mwisho wa ile njia kuu ya oili kulikuwa na tundu. Akaeleza kwamba bloku ikipelekwa kuoshwa, plagi za njia hizo hutolewa ili uchafu utoke, kisha hurudishwa. Ile ya mbele haikurudishwa. Oili ilikuwa inamwagika ndani ya kava na kurudi kwenye sampu. Nje hakukuwa na tone la kuvuja. Asubuhi, oili ikiwa nzito, injini ilipata kiasi cha kuishi. Mlimani, oili ilipokuwa nyepesi na mzigo ni tani kadhaa, beringi za nyuma hazikupata kitu. Waya wa swichi ya oili ulikuwa unaning'inia tu; aliyefunga injini hakuuunganisha, na sisi tuliolipokea lori hatukuuliza.

Kaka hakusema neno. Alinitazama tu. Nami nilimwomba radhi palepale, mikono yangu ikiwa na oili, mbele ya fundi na vijana wake wawili. Kaka akasema, "Yameisha, mdogo wangu. Tafuta plagi." Nadhani ndiyo plagi niliyoinunua kwa furaha kuliko kitu chochote.

Wasikilizaji, geji ya mkono bei yake haifiki hata bei ya mbuzi. Kama gereji ile ingeifunga kwa dakika thelathini tu, injini ikiwa moto, mshale ungesema yote. Nasi tungelikuwa na ng'ombe wetu, na kaka asingebebeshwa kosa lisilo lake.

Kwa hiyo nawaombeni. Ukikabidhiwa injini iliyosukwa upya, usilipe pesa ya mwisho mpaka umesomewa presha mbele yako, injini ikiwa moto, kwenye sailensa na kwenye mwendo, na namba zimeandikwa. Fundi wa kweli hataudhika, atafurahi. Ukinunua lori la zamani, kataa kupimiwa likiwa baridi, na uitazame oili kwenye kijiti. Wako wachuuzi wanaotia oili nzito kuliko inayotakiwa ili mshale usimame vizuri siku ya mauzo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini hapa atakayeumbuliwa ni wewe mnunuzi.

Na baada ya kilometa chache za mwanzo, mwaga oili ile ya kwanza, fungua filta, ueneze karatasi yake juani. Vumbi kidogo la chuma ni kawaida ya vitu vipya kuzoeana. Vipande vinavyometameta kama magamba ya samaki si kawaida. Rudi kwa fundi siku hiyo hiyo.

Bedford letu linaendelea kubeba tofali na mchanga pale Iringa. Geji ya mkono tumeiacha imefungwa moja kwa moja, bomba lake la shaba likiwa limepitishwa mbali na ekzosi, na kaka huisoma kila asubuhi na kila akifika juu ya mlima. Jioni hunipigia simu. Husema namba mbili tu, ya sailensa na ya mwendo, kisha huniuliza habari za watoto.

Hadi juma lijalo, nawatakieni safari njema.